Chumvi Shambani: Samadi Hufungua Mlango, Maji Ndiyo Yaitoayo

Ndugu msomaji, ukipita katika vituo vya Mbezi na Gongo la Mboto Jumamosi alfajiri utawakuta watu waliobeba majembe yaliyozungushiwa magunia, ndoo tupu na vifurushi vya mbegu. Hao si wakulima wa kila siku. Ni makarani, madereva, wauguzi, walimu na mafundi wa Dar es Salaam ambao, kwa akiba ya miaka mingi, wamejipatia eka moja au mbili huko Kibaha au Kisarawe. Pengine wewe mwenyewe u mmoja wao. Shamba hilo ndilo mboga ya watoto leo, na ndilo tegemeo la kesho, siku mshahara utakapokoma.

Kwa hiyo huzuni ya mtu huyo ni kubwa anapoyaona maharage yake yameota vizuri, kisha majani yakaungua kingo kama yaliyopitiwa na moto, mchicha umedumaa, na juu ya matuta, jua likiisha kuwaka siku mbili tatu, pametanda unga mweupe. Jirani humwambia, "Tia samadi, ndugu yangu, shamba litapona." Naye hukodi gari, hununua samadi ya kuku, huimwaga yote shambani kwa siku moja. Msimu unaofuata hali huwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Hapo hukata tamaa, na nyumbani maneno huanza: fedha zimepotea, na ardhi iliyonunuliwa ni ya laana.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jirani yule alisema kweli, na kwa nini hata hivyo ushauri wake ulileta hasara.

CHUMVI HUTOKA WAPI?

Yafaa tuseme mapema kwamba si kila shamba la Kibaha au Kisarawe lina chumvi. Sehemu kubwa ya wilaya hizo, hasa kwenye miinuko, ni udongo wa kichanga uliooshwa na mvua kwa karne nyingi; upungufu wake ni rutuba, wala si wingi wa chumvi. Chumvi huonekana zaidi mabondeni, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi ambako maji hutuama, na mahali popote panapomwagiliwa maji ya kisima chenye chumvi. Visima vingi virefu vya ukanda wetu wa pwani hutoa maji ya namna hiyo.

Wengi hawaamini kwamba maji ya kisima yaweza kuharibu shamba, maana huyaonja na kuona yana ladha kidogo tu. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme lita moja ya maji hayo ina gramu 1.25 za chumvi. Ndoo ya lita 20 basi ina gramu 25, yaani vijiko vya chai vinne au vitano. Tuseme una matuta manane ya mboga, kila moja upana wake mita 1 na urefu wake mita 10, na kila siku unayamwagilia ndoo 20. Katika siku 60 umemwaga ndoo 1,200. Humo mlikuwa na kilo 30 za chumvi! Mimea imekunywa maji, jua limeyafyonza maji, lakini chumvi imebaki pale pale ulipoimwaga.

Tena chumvi haitulii chini. Umepata kuutazama utambi wa kibatari unavyoyavuta mafuta ya taa kutoka chini hadi kwenye mwali? Udongo ulio wazi juani hufanya kazi hiyo hiyo. Unyevunyevu hupanda polepole, ukifika juu hugeuka mvuke na kwenda zake, na chumvi iliyokuja nao huachwa juu ya tuta. Huo ndio unga mweupe uuonao.

Mmea ulio katika udongo wa namna hiyo hupata taabu ya ajabu. Maji yapo, lakini chumvi huyashikilia hata mizizi isiweze kuyavuta. Ndiyo maana majani hunyauka mchana ilhali udongo umelowa. Wataalamu huupima udongo kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Udongo unaofikia 4 huitwa wa chumvi. Lakini mimea haistahimili kwa kiasi kimoja. Maharage huanza kupunguza mavuno kipimo kinapozidi 1 tu, mahindi kinapokaribia 2, na mpunga kinapozidi 3. Kunde zaweza kuvumilia hadi karibu 5. Ukoka hustawi hata mahali ambapo hivyo vyote vimeshindwa. Ukiona maharage yamekufa na ukoka umenawiri pale pale, umepewa dalili moja ya ugonjwa.

MAGONJWA MAWILI, JINA MOJA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tunaposema "udongo wa chumvi" twachanganya magonjwa mawili.

La kwanza ni wingi wa chumvi za kawaida katika maji yaliyomo udongoni. La pili ni ugonjwa wa magadi, yaani wingi wa madini ya sodiamu yaliyojibandika kwenye chembechembe zenyewe za mfinyanzi. Magonjwa haya yaweza kuwa pamoja katika shamba moja, lakini tiba zake hazifanani kabisa.

Udongo mzuri ni kama nyumba yenye vyumba, milango na madirisha. Chembe za mchanga, mfinyanzi na mboji hushikana zikafanya vijidonge vidogo, na kati ya vijidonge hivyo hubaki nafasi ambazo hewa na maji hupita. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi huachana, na udongo unapolowa zile chembe huziba kila tundu. Nyumba imebomoka, na vyumba vimejaa kifusi. Mvua ikinyesha maji hutuama juu kama kwenye sinia. Jua likiwaka udongo hukauka ukawa mgumu, jembe likigonga hulia. Kwa hiyo hata ukiwa na maji baridi ya kuosha chumvi, hayapati njia ya kushuka.

JARIBIO LA BILAURI

Kuna jaribio dogo ambalo hata watoto waweza kulifanya Jumapili hii hii. Chukua donge la udongo lenye ukubwa wa punje ya mahindi, kutoka kina cha kiganja kimoja. Lianike kivulini likauke. Kisha litumbukize taratibu ndani ya bilauri safi ya maji ya mvua. Usitumie maji ya kisima, kwani chumvi yake itakudanganya. Usikoroge wala usiitikise. Iache bilauri hadi kesho yake.

Donge likibaki zima, au likimomonyoka huku maji yakibaki meupe, hapana dalili ya magadi. Lakini ukiona ukungu kama wa maziwa umelizunguka donge na kuenea ndani ya maji, ujue mfinyanzi wako umeachana, na sodiamu yaelekea imezidi.

Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara. Kabla hujatumia fedha nyingi, peleka sampuli ya udongo, pamoja na chupa ya maji ya kisima chako, kwenye maabara ya udongo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ina kituo chake cha mambo ya udongo huko Mlingano, Muheza. Na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kipo Morogoro. Ofisa ugani wa kata atakuonyesha jinsi ya kuchota sampuli sehemu mbalimbali za shamba na kuzichanganya.

SAMADI HUFANYA NINI HASA?

Sasa tuje kwenye samadi yenyewe. Neno ambalo ningependa kila msomaji alikate na kulibandika ukutani ni hili: samadi haiondoi chumvi. Hakuna samadi, iwe ya ng'ombe, mbuzi au kuku, iwezayo kuimeza chumvi ikatoweka. Kiondoacho chumvi ni maji baridi yapitayo katika udongo na kushuka chini ya mizizi.

Basi samadi ya nini? Samadi hujenga upya ile nyumba iliyobomoka. Inapooza, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hutoa utandoutando kama gundi, na gundi hiyo huzishika tena chembe za udongo zikawa vijidonge. Minyoo hurudi na kutoboa vijia. Mizizi hupenya. Mvua iliyokuwa ikitiririka juu sasa huzama, nayo hushuka na chumvi. Katika udongo wa kichanga samadi ina faida nyingine, kwani mboji hushika unyevu, na hivyo unapunguza idadi ya ndoo za kumwagilia. Na kila ndoo ya maji ya kisima isiyomwagwa ni vijiko vinne vya chumvi vilivyobaki kisimani.

Pwani haikuwa na mazoea ya zamani ya kutumia samadi ya ng'ombe, na hilo si kwa uvivu. Mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu nyingi za nchi hii ya Wazaramo, na pasipo ng'ombe samadi itatoka wapi? Hali hiyo imebadilika. Wafugaji wamehamia Pwani na mifugo yao, na mnada mkubwa wa Pugu uko katika njia ya kwenda Kisarawe.

Kibaha nayo ina sifa ya kuku. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha mradi mkubwa hapo, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu, ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Pamoja na shule na kituo cha afya palikuwa na chuo cha mafunzo ya wakulima. Leo mabanda ya kuku ni sehemu ya sura ya mji huo, na samadi ya kuku hupatikana kwa urahisi kuliko ya ng'ombe.

Urahisi huo ndio mtego uliomnasa mwenzetu tuliyeanza naye. Chakula cha kuku hutiwa chumvi, nao hawatoi mkojo mbali na kinyesi. Vyote hutoka pamoja na kukaukia bandani. Kwa hiyo samadi ya kuku ina nguvu nyingi ya kulisha mimea, lakini aghalabu ina chumvi nyingi kuliko samadi ya ng'ombe iliyooza. Ukiimwaga mbichi, kwa wingi, katika udongo wenye chumvi, kisha ukaimwagilia maji ya kisima cha chumvi, umeongeza chumvi mara tatu katika tuta moja.

KIPIMO NA NAMNA YA KUITUMIA

Kwanza, samadi lazima ioze. Ilundike kivulini, changanya na nyasi kavu au majani, inyunyizie maji baridi iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na uifunike. Igeuze kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, imepoa, na haina harufu kali. Kama samadi ya kuku imechanganyika na maranda ya mbao, ingoje zaidi, maana maranda huchelewa kuoza na hunyang'anya mimea nitrojeni.

Pili, kipimo. Kwa samadi ya ng'ombe iliyooza, tani 4 hadi 8 zatosha eka moja. Kwa mwenye bustani ndogo, hiyo ni sawa na kilo 10 hadi 20 kwa tuta la mita 1 kwa 10, yaani debe moja hadi mawili. Kwa samadi ya kuku iliyooza, usizidishe nusu ya debe kwa tuta hilo. Na kama kisima chako ni cha chumvi, heri utumie ya ng'ombe. Ichanganye na udongo wa juu hadi kina cha kiganja kimoja. Rudia kila mwaka. Nyumba iliyobomoka kwa miaka kumi haijengwi kwa msimu mmoja.

Tatu, kama bilauri imeonyesha ukungu na maabara imethibitisha magadi, samadi peke yake itakwenda polepole mno. Hapo huhitajika jasi, ile ile itumikayo katika viwanda vya saruji, na ambayo huchimbwa kwetu huko Makanya, wilaya ya Same. Jasi ina kalisi, na kalisi huing'oa sodiamu kwenye chembe za mfinyanzi ili maji yaichukue. Kiasi cha jasi hakikisiwi. Hutegemea majibu ya maabara. Jasi na samadi hutangulia, ndipo maji yafuate. Ukitanguliza maji ya mvua matupu katika udongo wa magadi, waweza kuziba matundu yaliyosalia.

Nne, afya ya jamaa. Samadi mbichi ina vijidudu vya maradhi. Mboga inayogusana na udongo, hasa ile iliwayo mbichi, isivunwe kabla ya miezi minne kupita tangu samadi mbichi ilipotiwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bustanini.

SASA MAJI YAFANYE KAZI YAKE

Wakulima wa mpunga katika Delta ya Rufiji, mkoa huu huu wa Pwani, hulima jirani na mikoko na maji ya bahari. Wao hawahitaji kuambiwa kinachoosha chumvi. Hungojea mvua, na maji baridi ya mto yaisukume chumvi, ndipo wapande. Sisi wa Kibaha na Kisarawe twaweza kufuata mfano huo kwa kuitegemea masika.

Kanuni ya wataalamu ni kwamba ukipitisha sentimeta 30 za maji baridi katika sentimeta 30 za udongo, chumvi nyingi iliyomo, yapata asilimia 70 hadi 80, huteremka. Kwa tuta moja la mita 1 kwa 10 hayo ni lita 3,000, yaani ndoo 150. Nani atazibeba ndoo 150 kwa kila tuta? Hakuna. Lakini masika huzileta bure, mradi usiziache zikimbilie bondeni.

Kwa hiyo mwezi wa Januari na Februari tia samadi na kuilimia. Sawazisha ardhi, kisha inua kingo ndogo kuzunguka kila kipande, kama majaruba ya mpunga, ili mvua ya Machi itulie na kuzama. Chimba shimo la kina cha mita moja pembeni. Ukiona maji yamejaa humo nawe hujayatia, chumvi haina pa kushukia. Chimba kwanza mfereji wa kuyatoa. Mvua za mwanzo zikisha kupita, panda.

Baada ya hapo usiiache ardhi wazi. Ifunike kwa nyasi kavu au makuti, uukate ule utambi wa kibatari. Ukipanda kwenye matuta, panda ubavuni wala si kileleni, kwa kuwa chumvi hukusanyika kileleni. Kinga mvua ya bati ndani ya pipa, uitumie kwa miche michanga, maana mche mchanga ndio mwepesi kudhurika. Na kama bomba la maji ya Ruvu limekufikia, kama yalivyoufikia mji wa Kisarawe mwaka 2020 kutoka Kibamba, hayo ni mema kwa bustani kuliko ya kisima kirefu.

Wakati shamba likiwa katika tiba, chagua mazao yatakayokuvumilia. Anza kwa kunde, mchicha na minazi. Bondeni penye maji jaribu mpunga. Maharage na vitunguu viache vingoje hadi udongo upone.

SHAMBA HALINA LAANA

Ndugu msomaji, wazee miongoni mwetu wakumbuka mwito wa Siasa ni Kilimo uliotolewa Iringa mwaka 1972, na ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona uliofuata miaka michache baadaye. Wakumbuka pia Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipotolewa mjini na kupelekwa mashambani. Kutokana na miito hiyo tulijifunza jambo moja ambalo wenye mashamba ya Jumamosi hawana budi kulizingatia: bidii ni lazima, lakini bidii isiyoongozwa na maarifa huchosha mwili na kumaliza akiba. Mwenzetu aliyemwaga gari zima la samadi ya kuku hakukosa bidii. Alikosa kuuliza maswali matatu: udongo wangu una ugonjwa gani, maji yangu yana chumvi kiasi gani, na chumvi hiyo itashukia wapi?

Nawe kabla ya kuuza eka yako kwa bei ya kutupa, na kabla mume na mke hawajalaumiana, chukueni bilauri, maji ya mvua na donge la udongo. Waiteni watoto wakae nanyi watazame. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mtakuwa mmekwisha kupata jibu la swali la kwanza, nalo halikuwagharimu hata senti moja.